Mwenyekiti, Simama

Kiswahili kilitupa neno "mwenyekiti" na tukalichukua bila kulitazama mara mbili. Mwenye kiti. Yaani mkubwa wa kikundi hatambuliwi kwa akili yake wala kwa kazi ya mikono yake, anatambuliwa kwa kile anachokikalia. Wakubwa wengine tunawaita wanene. "Wanene wa serikali wanakutana Naivasha," mtangazaji wa redio anasema, na hakuna anayecheka, kwa sababu sote tunajua kilo hazihusiki hapo. Ni cheo kinachosemwa. Hata kuishi tunakuita kukaa. Unakaa wapi? Nakaa Mwiki. Na mtu akipendeza tunamwambia anakaa poa.

Nimeyafikiria haya maneno kwa muda kwa sababu nina ugomvi na kiti. Nasema hivi: kitambi cha mwanamume wa Kenya hakikutoka kwenye sahani peke yake. Kimetoka pia kwenye heshima. Tunamfundisha mwanamume kwamba kufaulu ni kuacha kutumia miguu, kisha akifaulu tunamcheka tumbo, kisha akianguka tunachanga pesa za hospitali. Hatua zote tatu ni za kijinga, na zote tatu tunazirudia kila mwaka kama kalenda.

Tuanze na kiti chenyewe. Mimi ni msichana wa pili katika nyumba ya watoto wanne, kwa hivyo viti nimebeba. Kwetu Nakuru, iwe ni matanga, iwe ni ruracio, iwe ni wageni tu wa Jumapili, amri ya kwanza ilikuwa moja: "Mletee mzee kiti." Ya pili, maji ya kunawa, na beseni unalishika wewe, yeye ananyoosha mikono tu. Ya tatu, sahani, na sahani ya mzee haipimwi kwa njaa yake, inapimwa kwa cheo chake. Kwa majirani zetu Waluhya firigisi ya kuku, imondo, ilikuwa ya baba mwenye nyumba, na mtoto aliyeidonoa alijua kilichokuwa kikimngoja. Sisi nasi tulikuwa na vipande vyetu vya heshima. Ugali wa mzee ulikuwa mlima. Akiacha nusu, mama anauliza kama kuna mtu amemkosea.

Sasa hesabu maisha ya mwanamume kwa hatua za miguu. Akiwa mtoto anakimbia: dukani, kisimani, shuleni, kwa jirani kuomba kiberiti. Akimaliza shule anatembea. Kutafuta kazi Nairobi tunaita kutarmac, na si mzaha, lami yote ya Industrial Area anaijua kwa soli za viatu. Akipata kazi anapanda matatu. Akipandishwa cheo ananunua gari, hata kama ni Vitz ya mkopo wa sacco. Akipandishwa tena anapata lifti, mtu wa kumletea chai na mtu wa kumfungulia geti. Akistaafu anakuwa mzee wa ukoo, na mzee wa ukoo hainuki hata kuchukua rimoti. Anaita mtoto kutoka jikoni aje amsogezee. Kila alipopanda maishani, miguu ilipunguziwa kazi. Hakuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Tulidhani tunamheshimu.

Na ole wake akijaribu kurudi nyuma. Baba mwenye gari akionekana na majirani akitembea kutoka stegi jioni, swali la kwanza ni, "Gari iliharibika?" La pili, linaloulizwa akishapita, ni kama amefutwa kazi. Wahenga walishamaliza maneno: mtembezi hula miguu yake. Basi anawasha injini kwenda kununua mkate mita mia tatu kutoka mlangoni kwake.

Namwelewa, na si kwa sababu ya aibu tu. Nairobi haikujengewa mtu wa miguu. Kwenye barabara zetu wanaokufa wengi zaidi ni wanaotembea, mwaka baada ya mwaka, na hiyo ni hesabu ya serikali yenyewe. Mwaka wa 2022 tulifunguliwa Expressway, barabara ya kulipia inayopita juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, na huko chini mtu wa miguu bado anavuka Mombasa Road akiomba Mungu. Mji unarudia kile kijiji kilisema zamani: anayetembea si mtu.

Halafu kuna hofu ya kukonda, na hii tusiipuuze. Wazazi wetu walipita miaka ya themanini na tisini wakizika. Kule Uganda ukimwi wenyewe uliitwa "slim". Mtu akipungua kilo mbili, mtaa ulikuwa umeshamzika kabla hajaugua. Ndiyo maana hadi leo ukimwambia mamako umepunguza mwili, hasemi hongera, anakuangalia usoni na kuuliza unasumbuliwa na nini. "Umekonda" bado ni pole. "Umenona" bado ni pongezi. Kwa kizazi hicho mwili mnene ulikuwa cheti cha kuonyesha kwamba uko hai na una kitu mfukoni, na huwezi kumnyang'anya mtu cheti kama hicho kwa kumcheka.

Lakini kiti kinaua, na tumelijua hilo kwa zaidi ya miaka 70. Ushahidi wenyewe ulitoka kwa watu unaowajua: dereva na makanga.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walitaka kujua ni nini kilikuwa kinaleta ugonjwa wa moyo kwa wanaume. Wakaenda kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi ni moja, wafanyakazi ni wawili, mji ni ule ule, moshi ni ule ule. Tofauti ni kwamba dereva alikaa siku nzima na konda alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa, mamia ya ngazi, akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1953: madereva waliugua moyo zaidi ya makonda, na walipougua, wengi wao walikufa upesi zaidi. Mwaka wa 1956 Morris akarudi na suruali. Kampuni iliwashonea wafanyakazi sare, kwa hivyo vipimo vya viuno vilikuwa kwenye daftari, na viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makonda. Mtu angesema basi shida ni unene tu. Hapana. Hata ukimlinganisha konda mwembamba na dereva mwembamba, konda mnene na dereva mnene, aliyekuwa akipanda ngazi bado alikuwa na nafuu.

Simama stegi ya Githurai saa kumi na mbili jioni uangalie kama London ya 1953 iko mbali. Dere yuko nyuma ya usukani, tumbo limegusa honi. Kange ananing'inia mlangoni, anaruka, anakimbia nyuma ya gari, anapiga bati, anarudi, mwembamba kama mshale. Wote wawili wanakula chapo madondo kwa mama yule yule. Mmoja anaitwa mkubwa, mwingine anaitwa kijana, hata akiwa na miaka 45. Na ndoto ya huyo kijana ni ipi? Siku moja na yeye akae kwenye usukani.

Mimi hapo kwa konda mnene ndipo ninapoona habari njema, tena tumeificha. Tunamwambia mzee mwenye kilo 110 kwamba hana maana mpaka arudi kilo 75. Anaangalia mlima huo, anakaa. Ukweli ni kwamba akianza kutumia miguu leo, moyo wake unaanza kufaidika leo, hata kabla mshipi haujasogea tundu moja.

Mtu ataniuliza mbona nawasumbua wanaume. Ni swali la haki. Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, na uzito uliozidi ulikuwa kwa asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume. Kwa hesabu hiyo, ningeanza na mama zangu. Lakini utafiti huo huo ulipata kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Mwanamke kliniki humpata hata asipotaka: akiwa mjamzito anapandishwa kwenye mizani, anafungwa ile mpira mkononi, akileta mtoto chanjo kuna nesi wa kumwangalia. Mwanamume hana kliniki. Wengi wanapimwa presha kwa mara ya kwanza wakiwa wamelala kwenye machela.

Baba yangu alipimwa hivyo. Alikuwa na miaka 52. Alikuwa fundi wa umeme ambaye alipanda hadi akawa msimamizi wa mafundi, maana yake aliacha kupanda nguzo akaanza kukaa kwenye pikapu akielekeza wanaopanda. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wazee wa mtaa. Jumanne moja aliamka akashindwa kushika kikombe, na mdomo ulikuwa umeenda upande. Kiharusi. Hospitali moja ya kibinafsi ilitaka pesa mbele kabla ya kumpiga picha ya kichwa, na zile saa za kwanza, ambazo ndizo ubongo unazihitaji, zikaishia kwenye foleni ya malipo. Karo yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa kwa akaunti ya mama ikingoja Ijumaa. Haikuiona Ijumaa.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo kana kwamba kuna hadithi ya kusisimua. Sikufeli na sikufukuzwa. Nilirudi Nakuru kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Nilijifunza kumlisha uji bila kumpalia. Nilijifunza kumwosha baba yangu na kumwangalia usoni tu, ili abaki na heshima yake. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu na mimi. Kaka zangu walituma pesa, na nawashukuru, lakini mikono iliyogeuza ilikuwa ya wanawake. Kwa hivyo mzee akiniambia "mwili ni wangu, shauri ni yangu", mimi sibishani naye kwa vitabu. Nambia tu: siku mwili wako utalala, kuna mwanamke ataacha kitu ili auinue. Muulize mapema ataacha nini.

Na sasa kamati. Siku ya pili tu ya ugonjwa wa baba, kundi la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, nambari ya kutuma. Wanaume zaidi ya 40 wa rika lake walichanga. Walikuja hospitalini kwa zamu, wakaleta matunda, wakaomba. Aliyechelewa kutuma aliulizwa mbele ya wote. Niliwatazama wamekaa kwenye benchi la wodi, wamepakata matumbo yao kama watoto, nikaona watu wanaojua kupangana kuliko serikali. Wanajua kufika. Wanajua kufuatana. Wanajua kumwonea mwenzao aibu mpaka afanye inavyotakiwa. Na nguvu hiyo yote huwekwa akiba mpaka mtu aanguke. Hawajawahi kuketi, hata siku moja, wakaulizana nani kati yao atafuata na watafanya nini ili asifuate.

Badala yake tumewaachia watu wa aina tatu kazi ya kuwaokoa.

Wa kwanza ni wachekeshaji. Mitandao imejaa picha za mubaba kifua wazi kwenye kidimbwi cha hoteli Mombasa, na maneno chini: mimba ya miezi minane. Tunacheka. Nami nimecheka, baadhi yazo ni tamu. Lakini mtu aliyechekwa tumbo haendi kukimbia mbele ya waliomcheka. Anatafuta kiti kwenye kona, na shati kubwa zaidi.

Wa pili ni watu wa jimu. Sina vita na jimu, ila hebu tuwe wakweli imejengewa nani. Baba wa miaka 48 anaingia, vioo kila upande, muziki wa kupasua kichwa, na vijana wa miaka 22 wenye misuli kama kamba za meli wanajipiga picha. Ameshalipia mwezi. Atakuja mara mbili. Ile pesa iliyobaki ni sadaka.

Wa tatu ni wauza chai. Mimi naishi kwa kuandikia watu makala, nalipwa kwa neno, na mteja mmoja aliwahi kuniagiza maneno 800 ya kusifu chai ya kuyeyusha kitambi kwa siku 14. Nikamuuliza ndani kuna nini. Hakujibu, akaipeleka kazi kwa mwingine. Hakuna chai ya kuyeyusha tumbo. Nyingi zinakukimbiza chooni tu, na kile unachokipoteza ni maji yako mwenyewe, uliyoyalipia.

Kuna njia nyingine, na imejaribiwa mahali ambapo wanaume wanapenda bia, mpira na pai za nyama bila kuomba msamaha. Huko Scotland watafiti waliona kwamba wanaume wazito hawaendi kwenye vikundi vya kupunguza uzito, wanaviona ni mambo ya wanawake. Basi wakawafuata kwenye klabu zao za mpira. Programu iliitwa Football Fans in Training. Mashabiki wa miaka 35 hadi 65 walikaribishwa kwenye uwanja wa timu yao kwa wiki 12, wakafundishwa na makocha wa klabu yenyewe: kutembea kwanza, kuhesabu hatua, kupunguza sahani kidogo kidogo, na utani mwingi. Hakuna aliyeambiwa bia ni haramu. Mwaka wa 2014 matokeo yalitoka katika Lancet, jarida lile lile la kina dereva na konda. Wanaume walikuwa 747, klabu 13. Baada ya mwaka mzima, waliopitia programu walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao waliokuwa bado wanangoja zamu.

Kilo 5 si muujiza, na ndiyo sababu naziamini. Sikiza walivyofanya. Hawakumwita mwanamume kwa jina la ugonjwa, walimwita kwa jina la timu. Hawakumtenga ajirekebishe peke yake gizani. Walimweka katikati ya watu wanaofanana naye, mahali anapopapenda, na wakafanya kutembea kuwe jambo la kujivunia.

Sisi tunakosa nini? Mashabiki? Ingia baa yoyote ya Roysambu Jumamosi jioni uone watu wazima wanaolia kwa sababu ya Arsenal. Tunakosa mfano? Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na nchi nzima ilimshangilia ikiwa imekaa. Tunakosa ujasiri wa kutembea hadharani? Hapana, hata huo tunao. Siku ya mechi kubwa, waone mashabiki wa Gor Mahia wakipita katikati ya mji kwenda uwanjani. Wanatembea, wanaimba, wanaruka, vitambi na vyote, wazee wa ofisi na vijana wa mjengo, na hakuna mtu anayesimama kando kuwauliza kama gari iliharibika. Wakiwa 200 kutembea si umaskini tena. Huo ndio ufunguo, na tuko nao mfukoni tangu zamani.

Kwa hivyo nasema kitambi kisikabidhiwe mtu mmoja mmoja apambane nacho. Kipelekwe kwenye chama. Kipelekwe kwa wanaume wa kanisa, kwa wazee wa msikiti, kwa matawi ya mashabiki wa Gor na wa Ingwe, kwa stegi ya boda ambako vijana wa miaka 28 wameshaanza kufura kwa kukaa juu ya pikipiki kutwa. Kwa kinyozi pia, maana kinyozi ndiye mtu pekee anayemshika mwanamume Mkenya kichwa kila wiki mbili na akasikilizwa. Mashine ya kupima presha haimalizi bajeti ya chama kinachonunua mahema na viti vya kukodisha. Tena viti.

Wataniambia hakuna mahali pa kutembelea. Hapo nakubali, na hapo ndipo tunapaswa kukasirika. Januari 2015 watoto wa Lang'ata Road Primary walirushiwa gesi ya machozi na polisi kwa sababu walikuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watoto, na sare zao. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alitukanwa na wakubwa kwa kukataa jumba la ghorofa 60 lisimamishwe Uhuru Park. Kila uwanja unaonyakuliwa ni wanaume watakaokaa miaka 30 ijayo. Mwanasiasa anayekuja kwenye matanga kuchangia bili ya hospitali aulizwe pale pale, kabla hajashika kipaza sauti: njia ya miguu ya huu mtaa iko wapi, na uwanja wa shule una hatimiliki? Ile bahasha yake haitoshi.

Kuhusu chakula sitakaa sana, wazee wangu wameshachoka kuambiwa. Hakuna anayewanyang'anya ugali. Ninachoomba ni sahani ipimwe kwa njaa, iachane na cheo. Nyama choma ya Jumapili irudi Jumapili, isiwe ya Jumanne, Alhamisi na mkutano wa dharura. Managu na terere visiwe pambo la pembeni. Chai yenye vijiko vinne vya sukari mara nne kwa siku ni soda iliyochemshwa. Na wewe unayepakua, kama nilivyokuwa mimi, jua kwamba mlima ule si mapenzi.

Na muda? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya apumue kidogo zaidi ya kawaida. Mechi mbili za mpira ni dakika 180, bila mapumziko. Mwanamume anayesema hana muda ameziona mechi nne wikendi hii. Na si lazima ziwe dakika za kukimbia. Tena, aliyekaa miaka kumi asianze na mbio, atajiumiza. Apimwe presha na sukari kwanza, kisha atembee, kisha atembee zaidi.

Basi, mwenyekiti, na nakuita hivyo kwa heshima zote. Mkutano ujao wa chama, kabla ya mambo ya michango, weka jambo moja kwenye ajenda. Kila mwanachama apimwe presha na kiuno, katibu aandike. Kisha Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wote langoni, muende mpaka stegi na kurudi. Asiyefika atozwe faini ile ile ya asiyetuma mchango, na iulizwe mbele ya watu vile mnavyojua kuuliza. Majirani watauliza gari ziko wapi siku ya kwanza. Ya pili watauliza tena. Ya tatu watauliza kama kuna nafasi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hiyo nayo ni ya wahenga, ila hatuisemi sana.

Mimi nitamleta baba. Anatembea kwa mkongojo sasa, mguu wa kulia unaburuta, na kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mparachichi ni kazi ya dakika kumi. Hatafika stegi. Lakini atakuwa langoni mkianza na atakuwa langoni mkirudi, na tafadhali, mtu asimletee kiti.